Kupiga picha ndani ya kisima kirefu kwenye mwamba wenye nyufa: mwongozo kamili kwa maeneo yaliyochafuliwa na kemikali

Kama umezoea kufuatilia maji chini ya ardhi kwenye mchanga na kokoto, siku ukipelekwa kwenye mwamba mgumu uliopasuka-pasuka ndo utajua shughuli yake. Unakuta kisima kimoja kina kemikali kibao, cha jirani yake mita kumi tu kiko safi, alafu kingine mbali kabisa huko nacho kimechafuka. Maji kwenye mwamba wa namna hii yanapita kwenye nyufa chache mno, na kama hujui hizo nyufa ziko kina gani, zimeinama kuelekea wapi na zipi kati yake ndo zinapitisha maji, kila sampuli unayochukua unabahatisha tu.

Kifaa cha kuanzia ni televyua, yaani kifaa kirefu chembamba kinachoshushwa kisimani kwa kebo na kupiga picha ya ukuta mzima nyuzi 360. Mwongozo huu ni wa jinsi ya kukitumia pale ambapo maji yamechafuliwa, na hapo kuna tofauti kubwa na kisima cha kawaida cha kijiji, kwa sababu shimo lenyewe unalolichunguza linaweza kusambaza uchafu wakati wewe unajipanga na kompyuta yako. Na niseme mapema kabisa jambo ambalo watu wengi wanalikosea: picha inakuonyesha ufa, haikuonyeshi maji. Ufa mkubwa wa kutisha kwenye picha unaweza kuwa mkavu kama ukuta, na kamstari kembamba ambako ungekapita tu ndo kanabeba uchafu wote.

Mfano nitakaoutumia ni West Trenton, jimbo la New Jersey, Marekani. Pale jeshi la majini la Marekani lilikuwa na kituo cha kujaribia injini za ndege za jeti kuanzia miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1990, na kemikali ya trikloroethilini, TCE kwa kifupi, ilivuja ikaingia kwenye mwamba. Mwamba wenyewe ni wa tope lililogeuka jiwe, matabaka juu ya matabaka yaliyolala kwa mwinamo kuelekea kaskazini-magharibi. Wanasayansi wa USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, wamefanya pale utafiti wa miaka mingi na matokeo yake yako wazi kwa umma, ndo maana ni sehemu nzuri ya kujifunzia. TCE ni nzito, karibu mara moja na nusu ya maji, kwahiyo haielei kama petroli, inazama, inaingia kwenye ufa, inashuka kwenye ufa mwingine, na kiwango kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa kule Marekani ni maikrogramu 5 tu kwa lita. Kidogo sana kinatosha kuharibu maji mengi sana.

Hatua ya 1: Chagua kifaa kulingana na kisima ulichonacho

Televyua ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kamera, ina taa zake, inapiga picha ya rangi halisi ya ukuta. Inafanya kazi kwenye hewa au kwenye maji maangavu, maji yakiwa na tope huoni kitu. Faida yake ni rangi: unaona kutu ya kahawia kwenye kingo za ufa, unaona tabaka jeusi likikutana na la kijivu, unaona mishipa myeupe iliyozibwa na madini.

Ya pili ni ya sauti. Inatuma mawimbi ya sauti yenye masafa ya juu mno kwenda ukutani na kusikiliza mwangwi unaorudi, alafu inapima vitu viwili, mwangwi umerudi na nguvu kiasi gani na umechukua muda gani. Pale penye ufa uliofunguka mwangwi unarudi dhaifu na unachelewa. Hii haijali tope, ila lazima kisima kiwe na maji, juu ya usawa wa maji haikupi kitu. Pia ule muda wa mwangwi unakupa umbo na kipenyo cha shimo pande zote, kitu ambacho utakihitaji baadae kwenye hesabu.

Ukiweza tumia zote mbili. Ya kamera inakwambia huu ni ufa au ni mstari wa rangi tu, ya sauti inakwambia umefunguka au umezibwa. Kama bajeti inaruhusu moja na maji ni machafu, chukua ya sauti.

Sasa kuna jambo la nyumbani hapa. Visima vyetu vingi Tanzania na Kenya rigi ikimaliza tu kuchimba, wanashusha mabomba ya plastiki mpaka chini siku hiyohiyo, wanajaza kokoto, basi. Kisima kikishawekwa hivyo kamera itakuonyesha plastiki tu. Kwahiyo kama mradi wako ni wa kuchunguza uchafuzi, mfano chini ya kituo cha mafuta au jirani na dampo, lazima ukubaliane na mchimbaji kabla: bomba la chuma au plastiki liwekwe sehemu ya juu yenye udongo na mwamba uliooza, lifungwe na saruji kuizunguka mpaka liingie kwenye mwamba mzima, alafu chini yake shimo libaki wazi mpaka vipimo viishe. Hilo likiandikwa kwenye mkataba utakuwa na amani, likibaki la mdomo ujue bomba litashuka.

Hatua ya 2: Andaa kisima

Shimo likitoka kuchimbwa limejaa vumbi la mwamba na kuta zimepakwa tope. Kawaida watu wanasafisha kwa kupuliza hewa au kupampu maji mpaka yawe meupe. Kwenye eneo lenye kemikali usikimbilie hilo. Maji unayoyatoa ni taka, yanatakiwa kwenye mapipa, yapimwe, yapelekwe panapohusika, na kupampu sana kunavuta uchafu kutoka nyufa za mbali kuja kisimani kwako. Safisha kwa kiasi, alafu acha kisima kitulie tope lishuke lenyewe. Ukiwa na haraka sana anza na ya sauti, ya kamera uifanye maji yakiwa yametulia.

Kabla ya kushusha televyua ya gharama shusha kwanza kalipa, kile kifaa cha mikono mitatu kinachopima kipenyo. Kitakwambia wapi shimo limebomoka na wapi ni jembamba, na kikikwama ni nafuu kuliko televyua kukwama. Ila kabla hata ya kalipa, pima joto la maji na uwezo wake wa kupitisha umeme kuanzia juu kushuka chini, maana hivi vinatakiwa vipimwe kabla vifaa vingine havijakoroga maji. Pale ambapo mstari wa joto unakatika ghafla au unabadilisha mteremko, weka alama, mara nyingi maji yanaingia au yanatoka hapo.

Hatua ya 3: Usafi na usalama, hapa hakuna mchezo

Fungua kifuniko cha kisima ukiwa umesimama upande upepo unakotokea, acha kipumue, pima mvuke wa kemikali kwa kipimo cha mkono kabla hujainamia. Glovu za nitrili, miwani, na mtu asile wala kuvuta sigara karibu na kisima.

Kila kifaa na kebo yote iliyoingia majini ioshwe kwa sabuni ya maabara na kusuuzwa kwa maji safi kati ya kisima na kisima. Kebo inafutwa inapopanda, mtu mmoja kazi yake ni hiyo tu. Na mpangilio wa visima ni kuanza na kisafi kuliko vyote ukamalizie na kichafu kuliko vyote, usije ukakipelekea kisima safi TCE ya jirani yake alafu maabara ikakuandikia kimechafuka. Kama kuna dalili kwamba kemikali yenyewe, bila kuchanganyika na maji, imetuama chini ya kisima, usishushe kifaa mpaka chini, ishia juu yake. Inakula mipira inayozuia maji kuingia kwenye kifaa, na pia ukiikoroga unaisukuma kwenye nyufa ambazo haikuwepo.

Hatua ya 4: Kulogi kwenyewe, yaani kushusha kifaa na kurekodi

Amua sifuri yako ni wapi, mdomo wa bomba au usawa wa ardhi, iandike, ipige picha, na vifaa vyote vitumie hiyohiyo. Ukipishana nusu mita kati ya televyua na kipimo cha mtiririko umeharibu kazi nzima kwa sababu nyufa mbili zinaweza kuwa ndani ya hiyo nusu mita. Ukimaliza kupandisha angalia kifaa kimerudi sifuri au kimepishana sentimita ngapi, andika.

Kifaa lazima kikae katikati ya shimo, ndo kazi ya zile springi zinazokishika juu na chini. Kikiegemea upande mmoja picha ya sauti inatoka na michirizi meusi ya wima kuanzia juu mpaka chini, na mtu asiyejua anaweza kuichora kama nyufa za wima. Mwendo uwe wa taratibu, mita moja mpaka mbili kwa dakika hivi kwa vifaa vingi, fuata kijitabu cha kifaa chako. Rudia kipande cha mita kadhaa ili ulinganishe, picha mbili za sehemu moja zikitofautiana mwelekeo kuna shida kwenye dira ya kifaa.

Dira hiyo ni ya sumaku, kwahiyo karibu na bomba la chuma inachanganyikiwa. Zile mita chache za kwanza chini ya bomba usiamini mwelekeo wake, kina ni sawa ila kaskazini si kaskazini. Hata miamba yenye madini ya sumaku, kama baadhi ya miamba ya volkano, inaivuruga. Na kumbuka kaskazini ya sumaku inapishana na ya ramani. New Jersey tofauti ni kama nyuzi 12 kuelekea magharibi, ambayo ukiisahau umepoteza ufa. Huku Afrika Mashariki tofauti ni ndogo sana ila bado irekebishwe.

Hatua ya 5: Kusoma picha na kuchora nyufa

Hapa ndo penye kazi, usimwachie mtu anayetaka kumaliza haraka.

Programu, mfano WellCAD, inachukua ukuta wa shimo na kuukunjua uwe bapa kama lebo iliyobanduliwa kwenye chupa: kushoto kaskazini, alafu mashariki, kusini, magharibi, mpaka kaskazini tena. Ufa uliolala bapa unaonekana mstari ulionyooka. Ufa ulioinama unaonekana kama wimbi, unapanda na kushuka mara moja. Sehemu ya chini kabisa ya wimbi ndo upande ufa unakoinamia, ikiwa chini upande wa magharibi basi ufa unateremka magharibi.

Mwinamo unaupata kwa hesabu ya darasani tu. Pima urefu kutoka kilele cha wimbi mpaka bondeni, gawanya kwa kipenyo cha shimo, tafuta pembe ambayo tanjenti yake ni hiyo. Shimo la milimita 152 na wimbi la sentimita 5.5: 5.5 gawanya kwa 15.2 ni 0.36, pembe ni nyuzi 20 hivi. Wimbi likiwa sentimita 15.2, sawa na kipenyo, ni nyuzi 45. Likiwa sentimita 90 ni nyuzi 80, karibu na wima. Ndo maana nilisema kipenyo kutoka kwenye kalipa au televyua ya sauti utakihitaji, kwa sababu shimo likiwa limetanuka alafu wewe ukatumia kipenyo cha biti (kichwa cha kuchimbia) tu, pembe zako zinatoka kubwa kuliko ukweli. Kisima kikiwa kimepinda pia irekebishe, kifaa kinarekodi mkunjo wa shimo na programu inaufanyia hesabu.

Kila ufa unaouchora upe daraja. Mimi naona madaraja manne yanatosha kabisa: umefunguka pande zote, umefunguka kipande tu, uko ila umejaa madini au umeziba, na mwisho si ufa bali ni tabaka la mwamba au mstari wa rangi. Watu wanaweka madaraja kumi alafu hakuna anayejua la sita na la saba zinatofautianaje. Weka picha ya kamera na ya sauti ubavuni kwa ubavuni. Mstari mweusi kwenye kamera ambao kwenye sauti hauonekani kabisa, huo ni rangi. Ukiona kingo zimepata rangi ya kutu, changamka, maana maji yenye oksijeni yamepita hapo kwa muda mrefu, ila bado si ushahidi kwamba yanapita leo.

Usipime upana wa ufa kwenye picha ukauamini. Biti inavunja kingo za ufa wakati wa kuchimba, kwahiyo mdomo unaonekana mpana kuliko ufa wenyewe ndani. Na kosa hilo si dogo kwa sababu maji kwenye ufa yanafuata kipeo cha tatu cha upana, yaani upana mara upana mara upana, ukikadiria upana mara mbili ya ukweli unakuwa umekadiria maji mara nane.

Jambo jingine linalopotosha ni kwamba kisima cha wima kinakutana na nyufa zilizolala kwa urahisi, na nyufa za wima kinazikosa. Mwanajiolojia Ruth Terzaghi alilieleza hili vizuri mwaka 1965 na marekebisho yake yanatumika mpaka leo: kila ufa unapewa uzito kulingana na pembe yake na shimo. Kwa kisima cha wima uzito ni moja gawanya kwa kosaini ya mwinamo, yaani ufa wa nyuzi 20 unahesabika 1.06 na wa nyuzi 80 unahesabika karibu 5.8. Weka kikomo, la sivyo ufa mmoja wa nyuzi 89 utatawala mchoro mzima. Na kama hukuona ufa wa wima hata mmoja hakuna hesabu itakayouleta, hapo chimba kisima cha mshazari.

West Trenton nyufa kubwa zinazopitisha maji nyingi zinafuata matabaka yenyewe, hasa yale laini meusi yenye kaboni nyingi. Ukishajua hivyo unachukua kina na mwinamo wa tabaka kwenye kisima kimoja unakisia litatokea kina gani kwenye kisima cha pili, alafu unahakikisha kwenye picha. Kwenye granaiti ya kwetu kama ile ya Dodoma huwezi kutegemea matabaka maana hayapo, unategemea seti za nyufa na mikanda ya mwamba uliosagika, kwahiyo kuunganisha visima kwa macho tu ni hatari zaidi na hatua inayofuata inakuwa ya lazima.

Hatua ya 6: Tafuta ni nyufa zipi zinapitisha maji

Chukua kipimo cha mtiririko cha joto. Kinachemsha waya kidogo kwa sekunde, maji yanapata joto, alafu sensa mbili, moja juu na moja chini, zinasubiri kuona joto limefika wapi kwanza. Kinaweza kusikia mtiririko mdogo kama lita 0.04 kwa dakika, lakini ukizidi lita tano sita hivi kimefika mwisho wake.

Kisimamishe kati ya nyufa ulizozichora, sio juu ya ufa wenyewe, pale ambapo ukuta ni laini. Raundi ya kwanza usipampu, sikiliza tu kisima kikiwa kimetulia. Raundi ya pili pampu taratibu, kama lita nne kwa dakika, subiri usawa wa maji utulie, rudia vituo vilevile. Tuseme ukipampu mita 30 maji yanapanda lita 3.8, mita 35 yanapanda lita 3.7, mita 41 ni lita 0.2. Basi lita 3.5 zimeingia kati ya mita 35 na 41, rudi kwenye picha uone kuna nyufa gani hapo. Ukikuta ziko saba na moja tu ndo imefunguka pande zote, umepata mtuhumiwa.

Sasa ile raundi ya kwanza, ya bila kupampu, ndo yenye habari ya uchafuzi, na wengi wanairuka. Ukikuta maji yanashuka yenyewe kisimani kutoka ufa wa mita 20 kuingia ufa wa mita 60 maana yake shimo lako limeunganisha nyufa ambazo huenda hazikuwa zimeunganika. Ufa wa juu una TCE, unaumwagia ufa wa chini uliokuwa safi, mchana na usiku. Ukija kuchukua sampuli kule mita 60 utakuta TCE, utaandika uchafu umefika mita 60, kumbe umefikishwa na kisima.

Jua pia mpaka wa kipimo hiki. Kinaziona nyufa kubwa za kisima hicho, nyufa zenye uwezo mdogo mara mia kuliko ile kubwa hazionekani, na kwa kunywa maji hazina maana lakini kwa kemikali zina maana sana. Hizo zipime kwa mipira ya kuzibia: mpira mmoja unajazwa hewa juu ya ufa, mwingine chini yake, unapampu au kuingiza maji katikati tu. Picha ndo inakwambia mpira ukae wapi, ukiukalisha kwenye ufa wenyewe au palipobomoka maji yanazunguka pembeni na kipimo ni bure.

Hatua ya 7: Sampuli za maji, na za jiwe pia

Sampuli ya maji ichukuliwe katikati ya mipira, ufa kwa ufa. Ukipampu kisima chote kwa pamoja unapata mchanganyiko ambao ufa wenye maji mengi unaumeza ufa wenye uchafu mwingi.

Usiishie kwenye maji. Jiwe la West Trenton lina vitundu vidogo mno, na kwa miaka yote hiyo TCE imekuwa ikitoka kwenye ufa ikijipenyeza ndani ya jiwe lenyewe. Ukipampu maji ya ufa yakawa safi, jiwe linaanza kuirudisha kidogokidogo. Ndo sababu pale wanapampu na kusafisha maji tangu miaka ya 1990 na kemikali bado ipo. Kwahiyo kama unachimba kwa kutoa nguzo za mwamba (vipande virefu vya mviringo vinavyotolewa shimoni vikiwa vizima), kata vipande karibu na ufa na vingine mbali nao kidogo kidogo, vipondwe na kutumbukizwa kwenye methanoli palepale kabla kemikali haijaruka hewani. Baadae linganisha kina cha nguzo na kina kwenye picha, nguzo huwa zinavunjika na kupoteza vipande, picha ndo yenye kina cha kuaminika.

Hatua ya 8: Ziba shimo

Shimo wazi lisilale siku nyingi. Kama vipimo havijaisha, shusha mfuko mrefu wa kitambaa kisichopitisha maji ukajazwa maji ndani, unabana kuta zote na kuzuia nyufa kupeana uchafu, unautoa siku ya kurudi kazini. FLUTe ni mojawapo ya aina zinazotumika sana. Usipoupata, hata mpira mmoja wa kuzibia uliokaa kati ya ufa mchafu na ufa safi ni bora kuliko kuacha hivihivi.

Vipimo vikiisha geuza kisima kiwe cha ufuatiliaji chenye vyumba: chujio mbele ya kila ufa uliouchagua, na katikati ya chujio na chujio udongo wa bentonaiti unaovimba. Mfungaji apewe kina cha kila ufa kwa sentimita kutoka sifuri ileile ya hatua ya 4, na wewe uwepo pale bentonaiti inaposhuka, upime kwa kamba kila tabaka limefika wapi kabla la pili halijamwagwa.